Kila Tundu na Mwaka Wake

Ukifunua boneti ya pikapu ya Chevrolet iliyoundwa Marekani katika miaka ya 1970, utakutana na msitu wa vijibomba kabla hujaiona injini yenyewe. Kabureta peke yake ina midomo mitano au sita. Manifoldi ya kuingizia hewa ina mingine. Kwenye hedi na karibu na themostati kuna matundu yaliyozibwa kwa plagi za shaba, sensa za waya mmoja, na swichi zenye midomo mitatu iliyounganishwa kwa mipira myembamba. Anayetaka kuifufua injini hiyo hujikuta na swali moja linalorudi tena na tena: tundu hili ni la nini? Wengi hulitafutia jibu kwa macho, wakilinganisha picha na picha, au hudhani kwamba wakishajua jina la injini wamemaliza kazi. Hoja ya makala haya ni kwamba macho hayatoshi na jina la injini halitoshi. Matundu hayo hutambulika kwa historia. Kila moja lilitobolewa, au lilipewa kazi mpya, katika mwaka fulani na kwa shinikizo fulani, na mara nyingi shinikizo hilo lilikuwa sheria ya hewa safi. Anayeijua historia hiyo anaisoma injini. Asiyeijua anabahatisha, na kubahatisha kwenye injini hulipwa kwa hedi iliyopinda au pistoni iliyotoboka.

Injini yenyewe ilizaliwa bila msitu huo. V8 ndogo ya Chevrolet ilitoka mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, sawa na lita 4.3, chini ya mhandisi mkuu Ed Cole. Toleo la inchi 350, yaani lita 5.7, lilianza mwaka 1967 katika magari madogo na likaingia kwenye pikapu miaka miwili baadaye. Uzao wa injini hizo ulienea mno: mwaka 2011 General Motors ilitangaza kwamba V8 ndogo zilizokwisha kutengenezwa, kwa vizazi vyake vyote, zimefika milioni 100. Mwanzoni matundu yake yalikuwa machache na maana yake ilikuwa wazi. Maji yalitoka kwenye hedi mbili, yakakutana katika mfereji wa mbele wa manifoldi, yakapita themostati na kwenda kwenye rejeta; palikuwa na mahali pa kufunga sensa ya geji ya joto, basi. Upande wa hewa, tundu moja lilipeleka mvuto kwenye distributa, na jingine liliweza kuendesha waipa au kusaidia breki. Mvuke wa oili na petroli uliokusanyika tumboni mwa injini ulitokea chini kupitia bomba lililoelekea barabarani, ukamwagika hewani. Hiyo ndiyo hali ya msingi. Kila kilichoongezwa juu yake kina tarehe.

Ili kuuelewa ugomvi uliofuata ni lazima kwanza kuelewa vakyumu inatoka wapi. Injini ya petroli huitengeneza kwa kunyimwa hewa: pistoni hushuka zikitaka kuvuta, kipepeo cha kabureta kinazuia, na nafasi iliyo chini ya kipepeo inabaki na mgandamizo mdogo kuliko wa nje. Injini nzima inayounguruma bila kukanyagwa, mahali palipo usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye geji. Dereva akikanyaga hadi mwisho, kipepeo hufunguka chote na mvuto hukaribia sifuri. Tundu lililotobolewa chini ya kipepeo, au kwenye manifoldi yenyewe, hupokea mvuto huo tangu injini inapowaka. Tundu lililotobolewa juu kidogo ya ukingo wa kipepeo kilichofungwa lina tabia tofauti kabisa. Injini isipokanyagwa halivuti chochote, maana liko upande wa hewa ya nje. Mguu ukigusa tu mafuta, ukingo wa kipepeo hulipita na ghafla linajikuta upande wa mvuto. Kati ya matundu hayo mawili kuna milimita chache za chuma, na kwa nje vijibomba vyake hufanana kiasi cha kumpoteza hata fundi mzoefu. Lakini katika milimita hizo chache ndimo serikali na wahandisi walimopigania hewa ya miji ya Marekani kwa muda wa miaka kumi na tano.

Vita hivyo vilianzia Los Angeles. Mwezi Julai 1943 ukungu mchungu ulioumiza macho uliufunika mji huo, na wengi walivilaumu viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyefundisha katika chuo cha Caltech, alionyesha kwamba ukungu huo hupikwa na jua kutokana na haidrokaboni na oksidi za naitrojeni, na kwamba gari ndilo mtoaji mkubwa. Hatua ya kwanza ilielekezwa kwenye lile bomba lililomwaga mvuke barabarani. Kuanzia magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California, na ya 1963 nchini kote, mvuke wa tumbo la injini ulivutwa kwa vakyumu na kurudishwa kwenye manifoldi ukaungue. Ndiyo maana sehemu ya chini ya kabureta ina kijibomba kinene kuliko vingine, ambacho mpira wake unakwenda kwenye vali iliyochomekwa kwenye kifuniko cha vali za injini. Wazo lenyewe halikuwa geni. Njia ya kuufunga mvuke ndani ya injini ilikuwa imetumika kwenye vifaru wakati wa Vita Kuu ya Pili ili viweze kuvuka maji. Kilichokuwa kigeni ni ulazima. Mwaka 1969 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wakubwa wa magari kwa kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi tangu 1953, na kesi ikamalizwa mwaka huohuo kwa makubaliano ya mahakamani. Ushahidi huo unamjibu anayesema kwamba wahandisi wangefika huko kwa hiari yao. Ujuzi ulikuwepo, kilichokosekana ni wa kuwalazimisha.

Sheria ya shirikisho ya 1965 ilizaa viwango vya moshi vilivyoanza na magari ya mwaka 1968, na hapo ndipo tundu la juu ya kipepeo lilipopata umuhimu mpya. Petroli na hewa katika injini isiyokazwa huungua polepole, kwa hiyo cheche inafaa kuwahishwa ili moto umalizike ndani ya silinda kwa wakati. Distributa iliyounganishwa na tundu la chini ya kipepeo huwahisha cheche hata injini ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani. Ikihamishiwa tundu la juu, cheche huchelewa wakati huo, moto unaendelea kuungua hadi kwenye bomba la kutolea moshi, na masalia ya petroli yanateketea humo badala ya kutoka mabichi. Haidrokaboni zilipungua, ila kwa bei yake: joto ambalo lingesukuma pistoni sasa lilipenya kwenye hedi na kuingia kwenye maji. Katika foleni ya mchana wa kiangazi, maji yalikaribia kuchemka. Tiba iliyobuniwa ni swichi ya shaba iliyofungwa kwenye mfereji wa maji, yenye midomo mitatu ambayo General Motors iliiwekea alama: D kwa distributa, C kwa tundu la kabureta lililo juu ya kipepeo, na MT kwa vakyumu ya manifoldi. Maji yakiwa ya kawaida, D huongea na C. Maji yakipanda mno, nta iliyo ndani hutanuka, D hufunguliwa kwa MT, cheche huwahi, mzunguko wa injini hupanda, feni na pampu ya maji huongeza kasi, na joto hushuka. Tundu hilo la maji lilizaliwa ili kuponya kidonda kilichofanywa na tundu la hewa. Asiyejua uhusiano huo huling'oa moja na kuliacha jingine, kisha hushangaa injini inapochemka.

Baada ya hapo matundu yaliongezeka kwa kasi. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Nixon alitia saini Sheria ya Hewa Safi, ambayo Seneta Edmund Muskie wa Maine aliipigania; ilidai haidrokaboni na kaboni monoksidi za magari zipunguzwe kwa asilimia 90 kufikia 1975, na oksidi za naitrojeni kufikia 1976. Shirika jipya la ulinzi wa mazingira, EPA, lilikuwa na umri wa wiki chache tu. Magari ya California ya 1970, na ya nchi nzima ya 1971, yalikuja na mkebe wa makaa unaonasa mvuke wa tangi la mafuta. Mkebe huo ulihitaji kijibomba cha kuusafisha injini inapotembea. General Motors iliongeza kifaa cha umeme kilichoizuia vakyumu isifike kwenye distributa hadi gari liwe kwenye gia za juu. Mwaka 1973 ilienea vali ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupoza moto, kwa kuwa oksidi za naitrojeni huzaliwa pale joto la mwako linapopita nyuzi 1,370 hivi za Selsiasi. Vali hiyo ilitaka tundu lake, lililotobolewa juu zaidi kwenye kabureta ili isifunguke injini ikiwa imesimama. Na kwa sababu injini baridi hukohoa ikilishwa moshi, vakyumu yake ilipitishwa kwanza kwenye swichi nyingine ndani ya maji, yenye midomo miwili, iliyofungua njia pale tu maji yalipopata moto. Kwa mara nyingine, tundu la hewa lilizaa tundu la maji.

Hadi hapo hadithi ni ya magari yote. Pikapu ina sura yake ya pekee, na sura hiyo ndiyo inayowachanganya wanaotegemea jina la injini. Mwaka 1973 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ambayo International Harvester na watengenezaji wengine waliipinga EPA iliyokuwa chini ya William Ruckelshaus, iliona kwamba lori dogo halipaswi kupimwa kwa mizani ileile ya gari la abiria. EPA ikayaundia malori madogo daraja lao. Kwa mwaka 1975 gari la abiria liliruhusiwa gramu 1.5 za haidrokaboni na 15 za kaboni monoksidi kwa kila maili. Lori dogo liliruhusiwa 2.0 na 20. Tena daraja hilo liliishia kwenye uzito wa ratili 6,000, yaani kilo 2,722, gari likiwa limepakia mzigo wake wote unaoruhusiwa. Lililozidi hapo lilihesabiwa kuwa zito, na injini yake ilipimwa kwa kanuni nyingine zilizokuwa laini zaidi. Watengenezaji hawakuchelewa kuuona mlango huo. Ford ilileta F-150 mwaka 1975 ikiwa na uzito ulioandikwa juu kidogo ya mpaka, ikakwepa kichocheo cha platinamu kinachosafisha moshi kwenye bomba la kutolea moshi na kuendelea kunywa petroli yenye risasi. Chevrolet nayo ikawa na pikapu yake ya namna hiyo, Big 10. Mpaka uliposogezwa hadi ratili 8,500 kuanzia magari ya 1979, mlango huo ukafungwa. Matokeo yake ni kwamba pikapu mbili zenye injini ileile ya 350, zilizosimama kwenye ukumbi mmoja wa mauzo mwaka 1976, ziliweza kuwa na mpangilio tofauti wa mipira na swichi. Ongeza California, ambayo tangu 1967 sheria ya shirikisho iliiruhusu kuweka viwango vikali zaidi vyake yenyewe, na utaona kwa nini swali "tundu hili kwenye 350 ni la nini" halina jibu moja. Lina majibu mengi, na anayechagua kati yake ni mwaka, uzito na jimbo.

Kuna pingamizi la kwanza ambalo linastahili jibu la haki. Wapenzi wengi wa magari ya zamani hushikilia kwamba tundu la juu ya kipepeo ni zao la sheria za moshi na si kitu kingine. Kwa hiyo, wanasema, distributa yoyote irudishwe kwenye vakyumu ya manifoldi na mambo yatakuwa kama Mungu alivyokusudia. Ushahidi hauwaungi mkono. Ford ilitumia kuanzia 1949 hadi 1967 distributa iitwayo Loadomatic, ambayo haikuwa na vipande vya kuwahisha cheche kwa kasi ya mzunguko. Ilitegemea vakyumu peke yake, ikichanganya ishara kutoka kooni mwa kabureta na kutoka tundu lililo karibu na kipepeo. Ilianza miaka mingi kabla ya viwango vya moshi vya 1968. Tundu la juu lilikuwepo kwa sababu njema ya kiufundi: injini nyingine hutulia vizuri zaidi cheche isipobadilikabadilika zikiwa zimesimama. Kilichofanywa na sheria ni kulichukua tundu la kale na kulipa kazi mpya, likiambatana na distributa iliyorekebishwa kwa kazi hiyo. Pingamizi hilo basi halibomoi hoja yangu, linainoa. Haitoshi kuuliza tundu lilianza lini. Ni lazima kuuliza pia lilikuwa likifanya kazi gani mwaka ule injini hii ilipotoka kiwandani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa kuwa lina hisia ndani yake. Linasema mipira na swichi hizo ziliinyonga injini, na kwamba kuyaziba matundu yote ni kuirudishia nguvu iliyoibiwa. Takwimu za Chevrolet yenyewe zinasimulia vingine. Injini ya kawaida ya 350 ya Corvette ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 300 mwaka 1970. Mwaka 1971 ilitangazwa 270, kwa sababu mgandamizo wa silinda ulishushwa kutoka 10.25 kwa 1 hadi 8.5 kwa 1. Lakini mwaka huohuo kiwanda kilitoa pia kipimo kipya, cha injini ikiwa na feni, chujio la hewa na bomba zake zote kama ilivyo ndani ya gari, na kwa kipimo hicho injini hiyohiyo ilikuwa na 210. Farasi 60 "walipotea" karatasini bila skrubu moja kuguswa. Kufikia 1974, vali ya kurudisha moshi ikiwa tayari imefungwa na msitu wa mipira umekomaa, kipimo kilikuwa 195. Anguko kubwa lililofuata, hadi 165, lilikuja 1975 pamoja na kichocheo cha platinamu na bomba moja la moshi lililobana. Katika miaka yote minne ya matundu mapya, basi, hasara ni farasi 15. Anayeziba matundu ili kurudisha nguvu za 1970 anamkamata asiye mwizi.

Mgandamizo ulishushwa kwa nini? Hapo historia inarudi kwa mtu yuleyule aliyeiunda injini. Ed Cole alikuwa sasa rais wa General Motors, na mwanzoni mwa 1970 alitoa wito hadharani risasi iondolewe kwenye petroli, kwa kuwa kichocheo cha platinamu kilichokuwa kikiandaliwa huharibiwa nayo. Bila risasi, petroli ya wakati ule isingevumilia mgandamizo wa juu; kwa hiyo injini zilishushwa mgandamizo mapema ili zikubali mafuta yajayo. Na risasi hiyo iliingizwa kwenye petroli na General Motors yenyewe: Thomas Midgley aliigundua nguvu yake mwaka 1921 katika maabara ya kampuni hiyo, akifanya kazi chini ya Charles Kettering. Uamuzi wa Cole ulikuwa na athari zilizovuka mipaka ya Marekani. Kampeni ya kuiondoa risasi duniani iliongozwa baadaye na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kwenye vituo vya mafuta kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Farasi waliopotea kwenye 350, kwa sehemu kubwa, ndio bei ya damu ya watoto isiyo na risasi. Ni bei iliyostahili kulipwa, na ni makosa kuibebesha swichi ndogo ya shaba lawama yake.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili: kwamba swichi hizi za joto zilikuwa ulaghai tangu mwanzo, njia ya kuzima vidhibiti vya moshi pale wakaguzi wasipoangalia. Ni kweli kwamba ulaghai ulikuwepo. Mwaka 1973 EPA iliishtaki Volkswagen kwa kutotaja swichi za joto zilizozima vidhibiti kwenye magari yake ya mwaka huo, na mwaka 1974 kampuni ilikubali kulipa dola 120,000. Watengenezaji wakubwa wa Marekani nao waliamriwa katika kipindi hichohicho kuachana na swichi za namna hiyo. Lakini hapa ndipo umuhimu wa kutambua tundu unapoonekana waziwazi. Swichi inayohisi joto la hewa ya nje ili kuzima kidhibiti siku ya baridi, na swichi inayohisi joto la maji ili kuokoa injini inayokaribia kuchemka, zinaweza kufanana kwa umbo. Moja inaikwepa sheria. Nyingine inaiwezesha sheria kutekelezeka bila kuiua injini. Chuma hakisemi ni ipi. Kinachosema ni mahali ilipofungwa, mpira wake unakwenda wapi, na karatasi iliyobandikwa chini ya boneti inayochora njia ya kila mpira.

Karatasi hiyo na msitu wake vilianza kupitwa na wakati kompyuta ilipoingia. Mwaka 1981 General Motors ilieneza mfumo wa kompyuta kwenye magari yake ya abiria, na pikapu zake za petroli zilipata mfumo wa kunyunyizia mafuta unaoongozwa na kompyuta kuanzia magari ya 1987. Kazi iliyofanywa na nta na mipira ilihamia kwenye sensa ya nyaya mbili ndani ya maji. Upinzani wake wa umeme ni omu 3,500 hivi maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi karibu 180 maji yakifika 100. Kwa tofauti hiyo kompyuta hupanga mafuta, cheche na urudishaji wa moshi. Sensa hiyo hukaa jirani na zile swichi zilipokuwa zikikaa, mbele ya manifoldi, na ndiyo maana huchanganywa na sensa ya geji. Sensa ya geji ina waya mmoja, kwa kawaida wa kijani kilichokolea, na katika pikapu hizi hufungwa kwenye hedi ya upande wa dereva, kati ya plagi ya silinda ya 1 na ya 3. Kuibadilisha moja kwa nyingine ni kuidanganya kompyuta au kuidanganya geji.

Kutokana na hayo yote inapatikana njia ya kutambua inayotegemewa, na inaanzia mbali na kabureta. Kwanza thibitisha injini ni ya mwaka gani, kwa namba iliyosubiwa kwenye ukingo wa nyuma wa bloku upande wa dereva na herufi zilizogongwa mbele ya hedi ya kulia, maana pikapu nyingi hazina tena injini zilizozaliwa nazo. Kisha soma uzito na jimbo kwenye gari. Baada ya hapo tenganisha maji na hewa: kilichofungwa kwenye hedi, kwenye mfereji wa mbele wa manifoldi au jirani na themostati kinahisi maji, hata kama kina mipira ya hewa. Upande wa hewa, vijibomba vinene vya chini ya kabureta kwa kawaida ni vya kopo la breki na mvuke wa tumbo la injini. Vyembamba vipimwe kwa geji. Kinachosoma inchi 17 au zaidi injini ikiwa imetulia ni cha manifoldi; kinachokaa sifuri na kuamka mguu unapogusa mafuta ni cha juu ya kipepeo; kinachochelewa zaidi kuamka huenda ni cha vali ya kurudisha moshi. Mwinuko uhesabiwe pia, kwani mvuto hupungua kwa inchi moja hivi kwa kila mita 300 za kupanda: injini nzima ya Denver, mita 1,600 juu ya bahari, itasoma inchi tano pungufu, na Nairobi hali ni hiyohiyo. Swichi ya midomo mitatu ijaribiwe kwa pumzi ikiwa baridi: hewa ipite kati ya D na C, na MT iwe imezibwa. Majaribio haya hutoa ukweli, lakini ni historia inayomwambia fundi ategemee kukuta nini, na kwa hiyo kumwonyesha kilichopotea au kilichoungwa vibaya na mikono iliyotangulia.

Kuziba matundu hayo kiholela huko Marekani ni suala la sheria pia. Sheria ya 1970 iliwakataza watengenezaji na wauzaji kuharibu vidhibiti. Marekebisho ya 1977 yakawaongeza mafundi wa gereji, na ya 1990 yakamgusa mtu yeyote. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni ya maarifa. Kwa makadirio ya EPA, gari jipya la leo hutoa uchafu pungufu kwa asilimia 98 hadi 99 kuliko la miaka ya 1960. Mafanikio hayo hayakuanza na kompyuta. Yalianza na watu waliolazimika kutumia walichokuwa nacho, yaani mvuto wa hewa na joto la maji, kutekeleza matakwa ambayo sheria iliyaandika kwa gramu kwa maili. Usione vyaelea, vimeundwa. Pikapu za kipindi hicho ndizo kumbukumbu inayoshikika ya kazi hiyo, na kumbukumbu hiyo inafutwa kila plagi ya shaba inapokazwa juu ya tundu ambalo mzibaji hakujua lilikuwa la nini. Huenda mwenye gari ana sababu nzuri ya kulifunga tundu, kwa mfano injini imehamishiwa kwenye gari jingine au kabureta imebadilishwa. Afanye hivyo akijua mwaka wa tundu hilo, kazi iliyokuwa ikifanywa nalo, na tundu la maji au la hewa lililokuwa likilitegemea. Hapo ndipo atakuwa ameamua. Kabla ya hapo, anafuata mazoea ya aliyemtangulia.